Vyungu viwili, udongo mmoja: namna ya kufundisha habari za mafundi waliovuka kutoka Korea kwenda Japani

Anza na tofali. Ramani, tarehe na majina ya wafalme viache kwanza. Mimi nilianza na ramani miaka mitatu mfululizo katika darasa langu hapa Lubumbashi, na kila nilipogeuka kutoka ubaoni niliona macho ya watoto yamekwisha kutoka dirishani. Japani ni mbali, Korea ni mbali, na karne ya 5 ni mbali kuliko zote mbili. Mwaka wa nne niliingia darasani na matofali katika kikapu cha soko, na siku hiyo sikuhitaji kumnyamazisha mtu.

Baba yangu alikuwa mchoma matofali huko Katuba. Aliyekaa Lubumbashi anaijua kazi hiyo. Unatafuta kichuguu kikubwa, maana udongo wa mchwa ni laini na hauna mawe. Unauchimba, unaulowesha, unaukanda kwa miguu, unaufyatua katika kibao, unaanika, halafu unapanga tanuru na kuacha vinywa vya kuni chini. Tanuru likifunguliwa, matofali hayafanani. Ya pembeni ni mekundu na mepesi. Ukiyagonga kwa funguo yanatoa sauti butu kama mlango wa mbao. Yale yaliyokaa katikati, jirani na moto, ambako kuni zilisongamana na hewa ikawa haba, hutoka ya kijivu au ya samawati iliyokoza, mazito, na ukiyagonga yanalia. Baba alichagua matofali ya msingi wa nyumba kwa sikio. Alisimama kando ya lundo na kipande cha nondo, akigonga moja moja: hili la msingi, hili la ukuta, hili la choo.

Kwa hiyo nenda kwa mchoma matofali aliye karibu nawe, barabara ya Kipushi au kokote, umwombe mekundu mawili na ya kijivu mawili. Atakupa bure ukimweleza ni ya watoto. Wanafunzi wangu ni 52, ndiyo maana nachukua manne, mawili kila upande wa darasa. Wapitishie mikononi na useme neno moja tu: gongeni. Utasikia darasa linavyoamka. Mvulana mmoja wa nyuma aliinuka akapiga kelele: «Mwalimu, hii iko inalia sawa kengele!» Hapo uliza. Udongo ni mmoja? Ndiyo, kichuguu kimoja. Siku ya kuchomwa ni moja? Ndiyo, tanuru moja. Basi ni nini kilichoyatofautisha? Watasema moto. Kubali, halafu ngoja. Usiwape jibu la pili. Kila mwaka hutokea mmoja, mara nyingi msichana anayewasha mbabula, jiko la makaa, nyumbani kila asubuhi, anayesema: hewa.

Sasa wako tayari kusikia habari yenyewe.

Waambie kwamba katika visiwa vya Japani watu walikuwa wakifinyanga vyungu maelfu ya miaka kabla ya wageni hawa, na vyungu vyao ni miongoni mwa vya kale kabisa vilivyopatikana duniani. Liseme hili mapema, asije mtoto akaondoka anadhani Wajapani walikaa wakingoja kuonyeshwa udongo. Ila vyungu hivyo vilichomwa mahali pa wazi au katika shimo la kina kifupi. Moto wa namna hiyo hauendi mbali sana: chungu hutoka chekundu, laini, chenye kunywa maji. Vya zama tunazozisema huitwa haji.

Halafu, kuanzia mwisho wa karne ya 4 na mwanzo wa karne ya 5, kusini mwa mji wa Osaka wa leo kunatokea chungu cha aina nyingine. Ni cha kijivu, kigumu, kimechomwa kwa joto linalopita nyuzi 1,000, na ukikigonga kinalia. Kinaitwa sue. Vyungu vya jinsi hiyo vilikuwa tayari vinachomwa kusini mwa rasi ya Korea, hasa katika nchi ndogondogo zilizoitwa Gaya. Na tanuru lake si la kubahatisha. Ni pango refu linalopanda ubavuni mwa kilima: kinywa cha moto chini, vyombo katikati, tundu la moshi juu. Mteremko wenyewe ndio unaovuta hewa, kwa hiyo moto unapanda kwa nguvu bila mtu kupuliza. Joto likishafika, mafundi wanasongeza kuni nyingi, kisha wanaziba kinywa na tundu kwa udongo. Moto uliofungiwa unakosa hewa, unaanza kuinyonya kutoka ndani ya udongo wa chungu. Kutu nyekundu iliyomo udongoni inageuka, na chungu kinakuwa cha kijivu hadi kiini.

Kusini mwa Osaka, mahali panapoitwa Suemura, wachimbuzi wamepata mabaki ya matanuru hayo kwa mamia, yaliyofanya kazi kwa karne nyingi.

Hapa usimame kidogo, maana ndipo somo lote lilipo. Chungu kinaweza kusafiri peke yake: mtu anakinunua pwani, anakipakia mtumbwini, kinafika. Tanuru halisafiri hivyo. Huwezi kulitazama likiwa limepoa ukajua ni lini pa kuziba, kuni zikauke kiasi gani, moto uwe wa rangi gani usiku wa tatu. Ujuzi huo unakaa katika mwili wa mtu, na unavuka bahari pale tu mtu huyo anapovuka. Wajapani wana neno la watu hao: toraijin, yaani waliovuka wakaja. Mimi huliandika neno hilo ubaoni na kuliacha hapo wiki nzima.

Kuna alama moja ya kuwaonyesha kwa mchoro. Mfinyanzi wa sue alikaza ukuta wa chungu kwa kuupiga: nje kwa kibao, ndani ameshika kitu cha kuegemeza, kama fuawe ndogo ya mkononi. Kibao kiliacha mistari nje. Kile cha ndani, kilichochongwa miduara, kiliacha miduara ndani. Vipande vya chungu vya miaka 1,500 vimebaki na alama hizo, mkono wa kulia upande huu, mkono wa kushoto upande ule. Waambie watoto wanyooshe mikono yote miwili hewani wajaribu. Darasa zima linapiga chungu kisichoonekana, na mimi hupenda dakika hiyo kuliko zote.

Kuchoma vyenu wenyewe

Somo la pili ni la nje. Chukua udongo wa kichuguu, uuchekeche, uchanganye na mchanga mwembamba kiasi cha sehemu moja kwa nne, ukande mpaka usishike tena vidole. Kila kikundi kifinyange vikombe viwili vidogo, ukuta wake unene wa kidole kidogo, visizidi ngumi ya mtoto. Andikeni alama chini kwa mshale wa fagio.

Kukausha ndiko kunakoharibu kazi za wengi. Mara ya kwanza nilifanya hivi mwezi wa pili, katikati ya mvua, nikaona vikombe vimekuwa vyeupe kwa nje nikadhani vimekauka. Ndani vilikuwa na maji. Moto ulipoanza kuwaka vizuri tukasikia milio kama ya bisi, vikombe tisa vikapasuka, na kigae kimoja kiliruka kikaangukia karibu na mguu wa mtoto. Fanya kazi hii kiangazi, mwezi wa sita au wa saba. Anika kivulini wiki moja, kisha juani siku mbili, na kabla ya moto uviweke pembeni ya mbabula vipate joto pole pole saa moja hivi. Kiguse kikombe shavuni: kikiwa baridi, bado kina maji. Watoto wakae hatua sita mbali, na ndoo ya maji iwepo.

Kikombe cha kwanza kinachomwa wazi: kizungushie makala, yaani makaa, yaliyowaka, uongeze juu, uache yaishe yenyewe. Kitatoka chekundu. Hicho ndicho haji yenu.

Cha pili kinataka kopo la bati lenye kifuniko, kama la maziwa ya unga. Tandika unga wa mbao kutoka kwa seremala, weka kikombe, kijaze ndani na pande zote, ushindilie. Toboa kifunikoni tundu moja la msumari ili gesi ipate pa kutokea; usilisahau tundu hilo, kopo lililozibwa kabisa linaweza kulipuka. Funika, paka matope kwenye ukingo, uzike kopo ndani ya makala yanayowaka. Moshi utatoka tunduni, halafu utashika moto kama mshumaa mdogo. Moto huo ukizimika, ziba tundu kwa matope, funika kila kitu kwa majivu na mchanga, mwende nyumbani. Asubuhi ndipo mfungue, mapema mtaharibu. Jirani yangu aliniuliza juu ya ukuta: «Weye mwalimu, unapika nini mu ile kopo usiku?» Nikamwita aje kuona. Kikombe kilitoka cheusi chenye kijivu, na alikigeuza mkononi muda mrefu.

Waeleze watoto ukweli: hiki si sue. Weusi wake mwingi ni masizi yaliyoingia udongoni, na mbabula haifiki joto la pango la kilimani. Kwa hiyo hakitalia kama tofali la kati. Tulichokipata ni nusu moja ya siri, ile ya hewa. Nusu ya pili, ya joto, wameisikia kwenye tofali.

Halafu fanya jambo hili ambalo hawatalisahau. Chukua kikombe kimoja cheusi, ukirudishe katika makala, wazi, saa moja. Kitatoka chekundu. Udongo ni uleule. Waache wanyamaze nao.

Mkipata nafasi ya kwenda kwenye kichuguu chenyewe, chimbeni ubavuni mwake pango dogo la urefu wa mita moja linalopanda, na mtoboe tundu juu. Washeni majani makavu kinywani. Moto utavutwa ndani kwa mngurumo ambao watoto wataukimbia mara ya kwanza na kuukimbilia mara ya pili. Katika shule moja mkuu hakutaka moto wowote uwanjani, nikachomea nyumbani na kuwaletea vikombe. Somo lilipungua, lakini halikufa.

Chuma, na misalaba yetu

Kwa somo la tatu Lubumbashi ina bahati, maana mtoto wa Katanga anajua kitu ambacho mtoto wa mahali pengine angefundishwa kwa shida. Anaijua misalaba ya shaba. Ameiona ikiuzwa na wachonga malakiti, lile jiwe la kijani, amesikia kwamba bendera ya Katanga ya 1960 ilikuwa nayo mitatu. Mababu walimimina shaba katika umbo la msalaba, wakaibeba, wakaihesabu, wakalipa nayo, na katika makaburi ya kale ya Sanga, upande wa Upemba, wafu walizikwa nayo.

Chora msalaba huo ubaoni. Kando yake chora kibamba cha chuma: kirefu, chembamba kiunoni, kipana ncha zote mbili. Hicho ndicho walichokuwa wakikipata watu wa Japani kutoka kusini mwa Korea. Waandishi wa Uchina wa karne ya 3 wameandika kwamba nchi ya kusini ya rasi ilitoa chuma, kwamba watu wa Wa, yaani wa visiwani, walikwenda kukichukua, na kwamba sokoni kule chuma kilitumika kama fedha. Karibu na mji wa Nara lilichimbuliwa kaburi dogo la pembeni, lililopewa jina Yamato namba 6, na ndani mlikuwa na vibamba 872, vikubwa 282 na vidogo 590. Uliza darasa: kwa nini mtu atengeneze chuma kisicho jembe wala kisu? Watoto wa hapa wanajibu mara moja, maana jibu liko katika msalaba.

Kwa muda mrefu wahunzi wa visiwani walipasha moto na kufua chuma kilichotoka ng'ambo. Kukitoa chuma mwambani wenyewe, kwa tanuru lao, kunaonekana wazi katika karne ya 6. Tena ni tanuru, tena ni mtu.

Sina msalaba wa kweli; nimekata wa karatasi ngumu, na kibamba pia, wanavishika. Ukiweza, wapeleke Makumbusho ya Taifa hapa mjini baadaye, wakiwa tayari na maswali.

Jikoni hukaa dakika kumi, lakini usiparuke. Kabla ya wakati huo nyumba ya Japani ilikuwa na moto wa wazi katikati ya sakafu. Karne hiyo hiyo ya 5 linaingia jiko la udongo lililojengwa ukutani, lenye bomba la moshi, pamoja na chungu cha kupikia kwa mvuke chenye matundu chini, vyote kutoka rasini. Katika vijiji vya zamani vya eneo la Osaka wamepata vyungu vya kupikia vya mtindo wa Korea, vya kila siku, vyenye masizi. Chungu cha thamani kinaweza kuwa zawadi ya mfalme. Chungu cha masizi kinasema kwamba mama alikuwepo, na watoto wakala. Hawakuvuka mafundi wanaume peke yao, zilivuka familia.

Farasi, taja tu: kumbukumbu za Uchina za karne ya 3 zinasema visiwani hakukuwa na farasi wala ng'ombe, na kufikia karne ya 5 kuna malisho ya farasi karibu na Osaka, matandiko na hatamu makaburini. Mpunga wa kulimwa majini, rudi nyuma zaidi, karne nyingi kabla ya Kristo: uliingia kaskazini mwa kisiwa cha Kyushu kutoka rasini, na mashamba yake ya kale yanaonekana Itazuke, katika mji wa Fukuoka.

Waliokuja sasa

Somo la nne ni la majina, na hapa nakuomba ujiandae moyo.

Kitabu cha kumbukumbu cha Japani, Nihon Shoki, kilichokamilika mwaka 720, kinasimulia kwamba mwaka unaohesabiwa kuwa 463 waliletwa mafundi kutoka ufalme wa Baekje, kusini magharibi mwa Korea. Andika orodha ubaoni kama ilivyo: mfinyanzi, mtengeneza matandiko ya farasi, mchoraji, mfumaji wa hariri ya nakshi, na mkalimani. Uwaulize kwa nini mkalimani yumo. Mwaka jana mwanafunzi mmoja alijibu kwamba fundi asiyeeleweka hawezi kuwa na mwanafunzi.

Kitabu kinawaita watu hao imaki, waliokuja sasa. Walipewa mahali pa kukaa huko Asuka, kusini mwa Nara, panapoitwa Makamihara.

Unaposema «waliokuja sasa» katika darasa la Lubumbashi, huhitaji kutafsiri. Hapa kuna neno bakuyakuya, watu wa kuja, na kila mtoto amelisikia, wengine wameitwa hivyo. Mwaka 1992, watu wa Kasai walipofukuzwa Katanga, nilikuwa Likasi kwa mama yangu mkubwa, nasoma darasa la sita. Fundi wa nguo wa barabara yetu alikuwa mtu wa Kasai. Ndiye aliyeshona sare zetu, na ndiye peke yake aliyejua kurekebisha cherehani zikikwama. Wanawake wa mtaa mzima walimletea. Alikuwa ameanza kumfundisha dada yangu kukata kola. Siku moja familia yake ilikuwa kituoni pamoja na mamia ya wengine, na mizigo, wakingoja treni, na haikurudi. Cherehani ya mama mkubwa ilikwama kabla ya Krismasi. Ikakaa chini ya kitanda miaka. Dada yangu hakujifunza kola.

Hili huwasimulia watoto hivyo hivyo, kwa ufupi, bila kumlaumu mtu aliye darasani, maana wazazi wao walikuwa pande zote. Halafu narudi Asuka.

Ubudha uliingia Japani kutoka Baekje katikati ya karne ya 6. Kumbukumbu moja inatoa mwaka 538, nyingine 552, wakati mfalme Seong alipotuma sanamu na maandiko. Mwaka 588 Baekje ikatuma watu wa kujenga hekalu. Nihon Shoki imeyaweka majina yao: mafundi wawili wa majengo ya hekalu, mmoja wa kusubu shaba ya kilele cha mnara, wanne wa vigae vya paa, mchoraji mmoja. Watu wanane, pamoja na watawa. Kabla ya hapo Japani haikuwa na jengo lenye paa la vigae. Hekalu la Asuka likakamilika mwaka 596, na sanamu yake kubwa ya shaba ilisubiwa na Tori, wa ukoo wa watengeneza matandiko, mjukuu wa mtu aliyevuka. Sanamu hiyo ingali pale, usoni ina makovu ya moto na viraka vya matengenezo.

Hekalu lilijengwa wapi? Makamihara. Pale pale walipowekwa waliokuja sasa. Na kitabu kinasema kiwanja kilipatikana kwa kubomoa nyumba ya mtu aliyekuwa babu wa ukoo wa washona nguo wa Asuka.

Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nilifunga kitabu nikatoka nje.

Maswali yatakayokuja

«Basi Wajapani ni Wakorea?» Litaulizwa, kila mwaka. Jibu kwanza kwamba wakati ule hapakuwa na nchi iitwayo Korea. Palikuwa na Goguryeo, Baekje, Silla na Gaya, na zilipigana. Wala visiwa havikuwa vimejiita Japani. Kisha uwaulize kuhusu Bunkeya, mji wa mfalme Msiri huku Katanga. Msiri na Bayeke, watu wake, walitoka magharibi mwa Tanzania ya leo, karne ya 19. Mtoto wa Bunkeya leo ni wa wapi? Waache wabishane.

Wape na hesabu hii. Mwaka 815 serikali ya Japani iliorodhesha koo za mji mkuu na majimbo ya jirani: 1,182. Kati yake 326 zilitajwa kuwa na asili ya ng'ambo: 163 zilisema zimetoka Uchina, 104 Baekje, 41 Goguryeo, 9 Silla na 9 Gaya. Wakigawanya wataona ni zaidi ya robo. Tena wengi waliojiita wa Uchina walikuwa wamepitia rasini.

Usiwaache wadhani njia ilikuwa ya kwenda tu. Mwaka 1971 lilifunguliwa huko Gongju, Korea ya Kusini, kaburi la Muryeong, mfalme wa Baekje aliyekufa mwaka 523, na jeneza lake lilikuwa la mbao za msonobari mwavuli wa Japani.

Na wafundishe kushika masimulizi kwa mikono miwili. Vitabu vya kale vinamtaja Wani, mwalimu kutoka Baekje, aliyeleta maandishi. Kimoja kinasema alikuja na kitabu cha herufi elfu moja. Lakini kitabu hicho kilitungwa Uchina katika karne ya 6, zaidi ya miaka mia baada ya siku zinazosemwa za Wani. Simulizi limekosea kitabu. Kwamba waandishi wa kwanza wa ikulu walitoka rasini, hilo linasimama.

Wakati ukibaki, taja mwaka 602, mtawa Gwalleuk wa Baekje aliyeleta vitabu vya kalenda na nyota, na 610, Damjing wa Goguryeo, hodari wa rangi, wino na karatasi. Wakati usipobaki, waache. Vyungu ni bora.

Kazi ya nyumbani ni karatasi moja yenye safu nne: kazi ya fundi mmoja wa mtaa wenu, jina lake, nani alimfundisha, huyo aliyemfundisha alitoka wapi. Fundi aulizwe kwa heshima, asubuhi kabla ya wateja, na mtoto aandike kwa kalamu ya wino mbele yake. Asiyejua alikotoka mwalimu wake, iandikwe hivyo hivyo. Karatasi usizirudishe, zishone pamoja, zikae shuleni na vikombe viwili juu yake. Za mwaka huu ninazo 49. Tatu bado nazingoja.